Msimwambie Fundi Aanze Upya

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita mjini Morogoro, kwenye mkutano wa mafundi, waajiri na walimu wa ufundi. Wengi mlinipigia simu mkasema mlikuwa kazini. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha. Hata pale ukumbini umeme ulikatika kabla hatujafika ya tatu.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na vijana wa nyuma kule: mambo?

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu waajiri, walimu wenzangu, na nyinyi mafundi mliofunga vibanda Jumamosi asubuhi, siku ambayo mteja ndiyo anakuja. Nyinyi nawashukuru kuliko wote, na mgeni rasmi atanisamehe. Yeye akikaa hapa mshahara wake unaendelea. Fundi akifunga kibanda, siku imekwenda. Hilo mlikumbuke, maana nitalirudia.

Nimeombwa nizungumzie mafunzo kwa watu ambao kazi zao zinabadilika. Kwenye ratiba mmeandika "kuwajengea uwezo". Mimi maneno hayo siyapendi. Mtu ana miaka hamsini, amesomesha watoto wanne kwa spana, halafu unamwambia umekuja kumjengea uwezo? Si umemwambia hana? Mimi nitasema kusomea upya, basi.

Nianze na kisa changu. Kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa fundi redio na TV, kibanda changu kipo Dar es Salaam. TV za chogo, mnazikumbuka? Zile za kubebwa na watu wawili, mmoja akilalamika mgongo. Basi usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya kurushia TV kwa analojia ikazimwa Dar es Salaam, ikabaki ya dijitali inayotaka king'amuzi. Mikoa mingine ikafuata mwaka 2013. Asubuhi ya mwaka mpya nafika kibandani, nakuta foleni. Mama mmoja kaleta TV yake kwa toroli: "Fundi, jana usiku ilikuwa nzima, leo chenga tupu." Nikafungua, nikapima, sikuona kitu. Akaniangalia kwa jicho la kunishuku, nikaona kabisa anafikiri nataka kumwibia spea. Ugonjwa haukuwa kwenye TV. Dunia ilikuwa imehama usiku, sisi tumelala.

Jirani na mimi walikuwepo mafundi wawili wa antena, marafiki, wakigawana wateja. Mmoja akasema kazi imekufa. Mwenzake akakaa kwenye benchi langu akafikiri. Yeye alijua nini? Alijua kupanda paa la bati bila kulitoboa. Alijua kupitisha waya ukutani mvua isiufuate hadi ndani. Alijua mnara uko upande gani na nyumba gani inaukinga. Sasa king'amuzi kimeondoa lipi hapo? Paa lilelile, waya uleule, mteja yuleyule. Kilichoongezeka ni kiboksi na namba za kuingiza. Akaenda kwa wakala, akakaa siku tatu akaelekezwa. Baadaye akahamia kwenye madishi, akawa na vijana wake wawili. Na yule aliyesema kazi imekufa? Aliuza ngazi yake. Mnajua nani aliinunua?

(Walicheka sana hapo, na mimi nikanywa maji.)

Mimi mwenyewe sikuwa mwepesi hivyo. Chogo zilisukumasukuma miaka kadhaa na ving'amuzi juu yake, kisha zikaja flati. Nikafungua ya kwanza nikashika kichwa. Vifaa nilivyozoea vilikuwa na miguu. Unakishika kwa koleo, unalehemu, unaendelea. Humu ndani mlikuwa na vitu kama chawa, vimeng'ang'ania ubao. Pasi yangu ya kulehemu ilikuwa nene kuliko kifaa chenyewe. Nikajikubali. Nikarudi darasani nina miaka 41.

Mwalimu akaingia, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Akanipa shikamoo, kisha akaniambia nikae mstari wa mbele. Hilo halikuniuma. Lililoniuma ni kwamba kwa wiki tatu tulifundishwa sheria ya Ohm. Wiki tatu! Mimi niliyeitumia kila siku kwa miaka kumi na tisa, hata kama sikujua kuwa ina jina la Mjerumani. Watu wazima tulianza tisa. Mwezi wa pili tulibaki wanne, na mimi nilibaki kwa sababu ada nilishalipa.

Nilihitaji nini pale? Siku kumi za kulehemu vile vichawa kwa hewa ya moto, na wiki moja au mbili za kusoma michoro mipya. Nikapewa mwaka mzima. Wale watano walioondoka hawakushindwa masomo, ndugu zangu. Waliondoka kwa sababu waliambiwa waanze upya. Ndiyo maana leo nimekuja na neno hilo moja: msimwambie fundi aanze upya. Aanzie alipo.

Hapa Morogoro neno hili lina kaburi lake. Wazee mlio hapa mnaujua mji huu ulipokuwa mji wa viwanda: nguo, ngozi, viatu, magunia, vyombo vya udongo. Kengele ya zamu ikilia, barabara inajaa baiskeli. Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wao, fundi mitambo. Tangu 1992 mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa, mengine yakauzwa, mengine yakafungwa, na watu wakapunguzwa. Redandasi. Kuna watoto hapa hawalijui neno hilo. Nyumbani kwetu lilitajwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa.

Kaka alipewa kiinua mgongo na barua. Barua ilimshukuru. Fedha akanunua Peugeot 504 chakavu, iwe teksi. Yeye hakuwa dereva, wala hakuijua biashara ya teksi. Alichokijua ni mashine: beringi inayolia kabla haijafa, mkanda uliolegea, mnyororo unaoruka jino. Akiingia kwenye ukumbi wa mashine arobaini zinazopiga kelele, alikuwa anainyooshea kidole mashine moja, "ile pale inaumwa." Mtu mwenye sikio la namna hiyo, akapewa bahasha aende zake. Hakuna aliyemuuliza anajua nini. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine za kusaga, za kukoboa na za kukamua mafuta zilizokuwa zinafunguliwa kila kijiji kati ya hapa na Kilosa zina beringi zilezile na mikanda ileile. Kwa miezi mitatu tu ya kumwonyesha injini za dizeli, angekula nazo hadi uzeeni.

Teksi ilikufa kabla ya mwaka. Miaka yake ya mwisho ya kazi alikuwa mlinzi wa usiku wa ghala. Na ghala lenyewe lilikuwa ndani ya majengo ya kiwanda kilekile. Usiku nikimpelekea chai, ananionyesha kwa tochi vyuma vya mashine vilipokuwa vimefungwa sakafuni. "Hapa ilikuwa namba saba. Hapa namba nane."

Tuendelee.

Sasa niseme kuhusu gesi, maana mafundi wa gereji ndio mmejaa mkono wangu wa kulia. Mnajua kinachotokea Dar es Salaam. Bajaji na magari madogo yanahamia gesi asilia, hii yetu ya Songo Songo na Mtwara. Petroli ilipopanda mwaka 2022, wanaotaka kufungiwa mitungi wakaongezeka. Kwenye kundi moja nililolifundisha alikuwepo fundi wa gereji ya chini ya mti, miaka ishirini na mbili kazini, cheti hana. Siku ya kwanza kanuna. Nikamuuliza, "Tairi la gari dogo unajaza upepo kiasi gani?" Akajibu kwa dharau, "Thelathini, thelathini na mbili." Nikamwambia mtungi wa gesi unaoufunga nyuma ya kiti cha mtoto unabeba karibu elfu tatu. Kipimo kilekile cha psi. Mara mia ya tairi. Akakunjua mikono.

Kisha nikawauliza wote: mafuta yakivuja gereji, hatari inakaa wapi? Wakajibu kwa pamoja, chini. Ni kweli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, unaingia kwenye shimo la kukagulia gari. Hata gesi ya mtungi wa jikoni inashuka. Fundi wa petroli analijua hilo kwa mwili wake, hata sigara anaizimia mbali na shimo. Ila gesi asilia ni nyepesi. Inapanda. Inakwenda kukaa kwenye dari, palepale mlipofunga taa na waya wa kuungaunga. Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu mkubwa ndiye anayetazama chini wakati hatari imekaa juu ya kichwa chake.

Hili ndilo gumu la kazi yetu, walimu. Mtoto wa kidato cha nne hana cha kusahau. Mtu mzima anacho. Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi, na mimi nasema wahenga hapo walimwonea mtu. Mzoea punda anajua kukaa juu ya mnyama, anajua kushika kamba, anajua kuanguka. Mwonyeshe tu farasi anapotofautiana na punda, na umwonyeshe siku ya kwanza, kabla hajatupwa. Yule fundi tulimpa vitu vitatu: mgandamizo, kupanda kwa gesi, na kupima uvujaji kila kiungio kwa povu la sabuni badala ya pua. Injini hatukumfundisha. Injini alitufundisha yeye. Alisikiliza gari moja lililofungwa mfumo likawa linakohoa, akasema ugonjwa ni plagi, gesi imesingiziwa. Tukafungua. Plagi.

Na cheti je? Hapa niwasifu VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, maana kuwasema ni rahisi. Wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, kwa ajili ya mtu aliyejifunza kazi mtaani. Mtathmini anakukuta ukiwa kazini, anatazama unavyofanya, anakuuliza kwa mdomo, anaona kazi zako za nyuma. Penye pengo unafundishwa pengo, kisha unapimwa na kupewa cheti. Msiofahamu, kaulizeni. Nimewaona waashi wenye miaka thelathini kazini wakilia siku ya kupokea karatasi hiyo. Mmoja alinieleza sababu: amejenga madarasa matatu ya shule ya kata yake kama saidia fundi, kwa sababu fundi mkuu kwenye makaratasi ya tenda lazima awe na cheti, na mwenye cheti alikuwa anafika Ijumaa kuchukua fedha.

Sasa waajiri. Naona mmoja ameanza kuangalia simu. Mheshimiwa, weka kwanza, hii inahusu fedha yako.

Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Ilitoka kwenye sheria ya mwaka 1994, ileile iliyounda VETA. Ilifika asilimia 6 ya mishahara, 2013 ikawa 5, 2016 ikawa 4.5, ikaendelea kushuka hadi 3.5 mwaka 2023. Mmeipigia kelele ishushwe, na imeshuka. Kelele yenu ya pili naijua: kwa miaka mingi theluthi mbili zimekwenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na theluthi moja ndiyo imefika VETA. Mwanangu wa pili alisoma kwa mkopo, kwa hiyo hapo mdomo wangu ni mzito. Lakini tupige hesabu pamoja. Una watu 20, kila mmoja laki nne. Hiyo ni milioni 8 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ni 280,000. Kwa mwaka ni milioni 3 na laki 3 na elfu 60. Umeshalipa. Umelipia mafunzo. Sasa umewahi kumpeleka mtu yeyote akafundishwe? Umewahi hata kwenda chuoni kuuliza wana kozi gani fupi, au kuwaambia mashine uliyonunua ni ya aina gani ili walimu wao waijue?

Kwa jirani zetu Kenya mwajiri anatoa shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, zinakwenda NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani. Aliyelipa, akimpeleka mtu wake kwenye kozi iliyoidhinishwa, anaweza kudai arudishiwe gharama. Kiasi ni kidogo, ila mwajiri ana sababu ya kubisha hodi. Mimi ningependa na kwetu mwajiri awe na sababu hiyo, na mgeni rasmi nimeona ameandika.

Najua mtakaloniambia. "Mwalimu, nikimfundisha ataondoka." Nimelisikia neno hilo miaka yote. Niwape kisa.

Mwajiri mmoja wa kushona sare za shule na makanisa alinunua mashine ya kudarizi ya kompyuta. Muuzaji akaleta kijana akaelekeza siku mbili, akaondoka. Mashine ikakaa chini ya turubai miezi saba, kuku wa mlinzi wakitagia nyuma yake. Akaajiri vijana wawili wenye diploma ya kompyuta. Wanaiwasha vizuri, michoro wanachora vizuri, ila nembo ikitoka kitambaa kimejikunja kama uso wa aliyelamba ndimu. Wakabadilisha programu mara tatu. Ndipo akaniita.

Nikamwomba aniitie mama mwenye miaka mingi kuliko wote pale. Akaja mama mmoja, fundi cherehani tangu utoto, kompyuta hajawahi kuigusa. Akashika kile kitambaa kwa vidole viwili, akakivuta kwa urefu, akakivuta kwa upana. Akasema, "Hiki kinavutika upande huu. Mmekifunga vibaya, na chini hamjaweka kitu." Basi, ndiyo hivyo tu. Tukamketisha na kijana mmoja kwenye mashine moja, wiki sita, saa za kazi, mshahara unaendelea. Kijana anafundisha vitufe, mama anafundisha kitambaa. Kabla hawajaanza, mwajiri aliandikiana nao mambo mawili: wakimaliza watakaa mwaka mmoja, na mshahara utapanda tangu mwezi wa kwanza. Nyongeza aliitaja kwa namba, mbele yao. Mwaka ukaisha. Aliyeondoka ni kijana. Mama alibaki, na alishawafundisha wengine watatu.

Kwa hiyo ni kweli, mmoja aliondoka. Sitawadanganya. Lakini mashine ilikuwa inafanya kazi, na kuku walishahamishwa.

La mwisho, na hili ndilo ninalolijali kuliko yote, kwa hiyo mgeni rasmi anivumilie dakika tano. Ni siku za kula.

Tuliwahi kufungua kozi ya bure kabisa, ada hakuna, vifaa vipo. Wakajiandikisha ishirini na nane. Wiki ya tatu wanakuja kumi na mbili. Tukakaa kikao cha walimu, mmoja akasema hawa watu hawana utayari. Hawana utayari! Alikuwepo mwanafunzi mmoja mzuri sana wa uchomeleaji, kila Jumatano hayupo. Nikamfuata. Jumatano ni siku ya gulio kwao, anabeba mizigo. Ni deiwaka. Fedha ya Jumatano ndiyo inayolisha nyumba hadi Jumamosi. Kwake kozi yetu ya bure ilikuwa ghali kuliko chuo cha kulipia, kwa sababu ilikuwa inamgharimu unga.

Tukabadilisha. Jumatano hakuna darasa. Siku nyingine tunaanza saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Kinamama tukawaambia waje na watoto, tukatenga kona. Tukawaomba wenye karakana wawili wawachukue wanafunzi mchana kama wasaidizi na kuwapa posho ndogo. Mmoja alikubali, mwingine alisema atafikiri, bado anafikiri. Waliomaliza walikuwa ishirini na mmoja. Walimu walewale, mashine zilezile, na wanafunzi walewale tuliosema hawana utayari.

Kwa hiyo mkipanga hizi kozi mpya za gesi, za sola, za umeme wa magari, swali la kwanza lisiwe mtaala. Liwe hili: siku mtu huyu akiwa darasani, nyumbani kwake wanakula nini? Nani analipa siku hiyo? Mwajiri? Tozo? Halmashauri? Fundi mwenyewe? Mkinyamaza jibu ni fundi mwenyewe. Na fundi akiona hivyo, anabaki kibandani kwake na TV za chogo.

Nimalize kwa tangazo. Pale mlangoni kuna meza yenye madaftari mawili. Daftari la mafundi: andika jina, kazi unayoijua sasa, miaka uliyoifanya, na siku ambazo huwezi kabisa kukosa kibandani. Usione aibu kuandika ya gulio. Daftari la waajiri: andika nafasi ngapi, za kazi gani, na nyongeza ya mshahara kwa namba. Nimepita pale kabla sijapanda jukwaani. La mafundi limefika ukurasa wa nne. La waajiri lina jina moja, na hilo ni la yule mwenye mashine ya kudarizi. Nitakaa pale hadi saa kumi, kalamu ninazo.